Asiambiwe, Ana Presha

Januari 9, Ijumaa
Daftari hili nilipewa na Sista Yayra, nesi wa zahanati yetu, niandike presha ya mke wangu asubuhi na jioni, basi. Lakini mtu aliyefundisha hesabu miaka thelathini na minne hawezi kuona karatasi tupu akaiacha. Namba zitakaa pembeni. Nafasi inayobaki ni yangu.

Nami leo lazima niandike, maana sina wa kumwambia. Senanu amekufa. Shemeji yangu, fundi umeme wa magari kule Tema, ndugu wa pekee wa mke wangu, Mama Kafui, ameanguka gereji jana akiwa na bisibisi mkononi. Presha hiyo hiyo ya ukoo wao. Simu nilipigiwa mimi. Mama Kafui alikuwa wangwani na wenzake wakikwangua chumvi, na mpaka sasa hajui.

Togbi Nyaku, mkuu wa ukoo wao, alifika kabla sijajua nilie au nifanye nini.

"Asiambiwe," alisema. "Ana presha."

"Togbi, huyu ni mdogo wake. Mama yao alikufa mtoto ana siku tatu. Yeye ndiye aliyemlea."

"Ndiyo maana nasema asiambiwe. Unataka tuzike wawili? Maiti iko kwenye barafu, haina haraka. Maziko ni Jumamosi ya mwisho ya Machi. Ijumaa yake tutamkalisha, watu wamemzunguka, nesi yupo, maji yapo, ndipo tutamwambia polepole. Wewe ni mwalimu, ulinyamazisha darasa la watoto sitini. Jinyamazishe na wewe."

Huku kwetu ndivyo ifanywavyo. Mwenye presha haletewi msiba ukiwa mbichi. Niliona ana akili.

Mama Kafui alirudi jioni, miguu myeupe kwa chumvi mpaka magotini, akaniuliza mbona macho mekundu. Nikasema vumbi. Upepo wa jangwani umeanza kweli, kwa hiyo haukuwa uongo mtupu.
Asubuhi 134 kwa 84. Jioni 136 kwa 84.

Januari 11
Kumpima huyu mama ni kazi ya adhabu. Kafui, binti yetu, alituma mashine kutoka Accra, na Sista Yayra akatufundisha: akae dakika tano ametulia, mgongo umeegemea, nyayo sakafuni, mkono mezani usawa wa moyo, asiongee. Hilo la mwisho ndilo lililotushinda.

"Baba Kafui, huu mkanda unanibana kama ninadaiwa."

"Usiongee."

"Siongei, nalalamika."

Nikaanza upya. Mara ya pili, baada ya dakika moja, ikashuka kidogo. Niliziandika zote mbili, maana Sista alisema nisichague ile inayonifurahisha.
138 kwa 84. 135 kwa 84.

Januari 12
Ugomvi wa samaki wa chumvi. Kamtia kwenye mchuzi, eti kipande kidogo tu cha harufu. Nikakitoa kwa uma. Akasema akple, ugali wetu wa kila siku, bila samaki yule ni chakula cha wafungwa. Kukwangua chumvi tangu asubuhi halafu unyimwe kuionja, ninamwelewa, lakini sikumwambia.

Januari 15, Alhamisi
Nilikuwa nimesahau makopo.

Tangu Krismasi Mama Kafui humfungia mdogo wake kila Alhamisi kopo la unga wa muhogo uliokaangwa, wa mkono wake, na kulipeleka stendi kwa madereva wa Tema. Leo alikuwa ameshajifunga kitambaa, anatoka. Dereva gani asiyejua kuwa Senanu amekufa? Nikamnyang'anya lile kopo.

"Nitapeleka mimi. Wewe una presha, jua kali."

"Tangu lini umekuwa tarishi wangu?"

"Tangu leo."

Alicheka, akafurahi hata. Alinishika bega, kitu ambacho hafanyi mchana. Nami nikatoka na kopo la marehemu kwapani, sijui niende nalo wapi. Kumpa mtu nimeshindwa, kulitupa nimeshindwa. Ufunguo wa stoo ya shule bado ninao. Nikaliweka kabatini, nyuma ya ramani zilizochanika.
138 kwa 86.

Januari 17
Amempigia Senanu, simu haipatikani. Nimemwambia nimesikia stendi kuwa simu yake imeanguka kwenye maji. Nilishangaa ulimi wangu ulivyokuwa mwepesi.

Januari 22
Kopo la pili, kabatini. "Senanu harudishi makopo," analalamika. "Nitaazima ya Ablavi mpaka lini?" Ablavi ni jirani yetu, wanakwangua pamoja. Anajua. Kijiji kizima kinajua. Wanawake wakimwona anakuja wanageuza mazungumzo kuwa ya mvua.
146 kwa 90.

Januari 25
Sikumruhusu kwenda kanisani. Nani ajuaye mchungaji atataja nani kwenye sala? Nilisema presha imepanda, apumzike. Kweli imepanda: 148 kwa 92. Nadhani ameanza kunusa kitu.

Nimehesabu vidonge. Kila siku kimoja kinapungua, kama inavyotakiwa. Kwa hiyo dawa si tatizo. Tatizo ni fikra, kama wote wanavyosema: presha ni ugonjwa wa mawazo.

Januari 29
Kopo la tatu.

Februari 1
Nimetoa betri za redio. Kituo chetu hutangaza misiba saa kumi na mbili jioni. Nimemwambia redio imekufa.

"Kila kitu kinakufa nyumba hii," alisema.

Niligeuka ukutani nikajifanya natafuta kalamu.

Februari 4, Jumatano
Siku ya kliniki ya presha. Pale kwenye benchi wanakaa kina mama ishirini, na benchi lile halijawahi kuficha kitu. Nikamwambia nitachukua dawa mimi.

Sista Yayra alinitazama juu ya miwani.

"Mgonjwa yuko wapi?"

"Wangwani. Msimu, Sista. Unajua wao, jua likiwaka hawatoki."

"Namba?"

Nikamwonyesha. Akaguna.

"Mwalimu, hizi zinapanda ngazi. Dawa anameza?"

"Nahesabu mwenyewe kila siku."

"Sikuulizi kama unahesabu. Umemwona anameza?"

"Sista, ni mtu mzima, si mtoto wa darasa la kwanza."

"Mlete wiki hii nimwone. Inawezekana dozi ibadilishwe. Na huo msiba mwambieni, nyie watu. Mimi nipo, nitakaa naye."

Nilisema nitamleta. Nilijua simleti. Nilipofika njiani nilijiambia kwamba Sista ni msichana wa juzi, hajui mambo ya ukoo.

Februari 5
Kopo la nne. 152 kwa 94.

Februari 9
Vumbi. Chumvi nyingi kuliko mwaka jana, wanasema. Nguo zimekauka kama mbao.

Februari 12, Alhamisi
Leo nimevuka mpaka, na nimevuka nikiwa na akili zangu timamu.

Nilitoka stoo kuweka kopo la tano. Mama Kafui alikuwa ananingoja mlangoni, hakwenda hata wangwani.

"Umewaona wa Tema?"

"Nimewaona."

"Senanu amesema nini?"

"Anasalimu."

"Anasalimu tu? Wiki tano, anasalimu? Mimi ndiye niliyemtafunia chakula yule, Baba Kafui. Kama amenikasirikia niambie."

Uso wake ulikuwa umevimba kidogo, na mkono aliuweka kisogoni kama mtu anayeumwa. Nikaogopa. Nikafikiri, presha yote hii ni ya kumuwaza Senanu, basi nimpe Senanu. Nikaketi, nikatunga.

"Hajakukasirikia. Amesema asante sana. Amesema ulichomtumia kimemsaidia mno. Kichwa hakimuumi tena."

"Kichwa hakimuumi tena?"

"Hakimuumi. Analala vizuri, anafanya kazi."

Sijamwona akifurahi hivyo tangu Kafui alipofaulu mtihani. Alipiga makofi, akazunguka uani mara mbili, akamwita Ablavi kwa sauti ingawa hakumwambia kitu. Halafu akanisogelea.

"Basi nitamwongezea," alisema.

"Mwongezee," nikasema. Nilifikiri ni unga.

Jioni presha ilishuka mpaka 150. Nikajipongeza.

Februari 16
161 kwa 98.

Februari 17
164 kwa 98. Nimerudia mara tatu. Mkanda uko sawa, betri mpya, mkono mtupu bila nguo chini ya mkanda. Mashine haidanganyi. Vidonge vimepungua kimoja, kama jana. Sielewi hesabu hii, na mimi hesabu ndiyo kazi yangu.

Februari 19
Kopo la sita. Ananipa sasa kwa mikono miwili, kwa uangalifu, na kuniambia nisilitikise.

Februari 21
Nimefukuza mgeni. Binamu yake kutoka Aflao alikuja, huzuni imemjaa usoni, kutoa pole. Nilimkimbilia kabla hajafika uani, nikamgeuza kama mbuzi. Mama Kafui alisikia sauti.

"Nani yule?"

"Amepotea njia."

"Siku hizi watu wote wanapotea njia wakifika kwetu," alisema, akaingia ndani.

Zamani nyumba hii haikuisha watu. Sasa ninasikia hata kijiko kikianguka kwa jirani. Nilidhani ukimya utampumzisha, lakini unanitisha hata mimi.

Februari 26
Kopo la saba. 170 kwa 102. Kizunguzungu akiinama. Nimemkataza wangwa. Akaenda.

Machi 1
Nilimwendea Togbi Nyaku nikamwambia siwezi tena, tumwambie.

"Presha yake ngapi?"

"Mia na sabini na kitu."

"Na wewe unataka kumtia msiba kwenye mia na sabini? Ngoja ishuke."

"Haishuki, Togbi."

"Basi wewe kuna mahali umevujisha."

Nilirudi nikitembea polepole. Nilitaka mtu aniambie nimwambie, na alipokataa nilipata nafuu. Hiyo ndiyo aibu yangu na ninaiandika.

Machi 4, Jumatano
Nilichukua dawa mwenyewe. Sista Yayra hakuwepo, yuko mafunzoni. Kijana aliyekuwa dirishani alinipa vidonge bila kuuliza namba. Nilishukuru Mungu kwa hilo. Nimeandika nilivyoshukuru, ili siku nyingine nisijidanganye.

Machi 5
Kopo la nane.

Machi 8
Ananiuliza kwa nini nimekuwa mwembamba. "Dawa ni ya kwangu, kukonda unakonda wewe." Tulicheka wote. Nampenda huyu mwanamke. Miaka arobaini na moja, na sijawahi kumwambia uongo mkubwa hadi mwaka huu.
178 kwa 106.

Machi 10
Mawingu upande wa bahari. Wote wamekimbilia wangwani kuwahi chumvi. Mvua ikitangulia, msimu umeyeyuka.

Machi 12
Kopo la tisa. 186 kwa 108. Nimelala mchana nisione.

Machi 16, Jumatatu
Naandika kwenye benchi la hospitali ya wilaya. Kwa mwandiko huu ningempa mtoto sifuri.

Jumamosi asubuhi mvua ilianza. Ablavi alikuja mbio, amelowa, hana viatu. "Baba Kafui, Mama Kafui anaongea vibaya!" Nilimkuta amekaa kwenye lundo la chumvi linaloyeyuka, reki mkono wa kushoto, mkono wa kulia umelala mapajani kama si wake. Mdomo umekwenda upande. Alikuwa ananiambia kitu, nikawa sisikii ila mate na mvua. Tulimbeba wanne, tukapata gari ya kuzolea chumvi. Nilikuwa na mashine mfukoni. Sijui kwa nini nilimpima garini, nilikuwa sina jingine la kufanya. 212 kwa 118.

Kiharusi. Yu hai. Upande wa kulia hauna kazi.

Daktari aliomba daftari hili. Alisoma namba zote, ukurasa kwa ukurasa, kidole kikishuka.

"Mwalimu, umeandika vizuri sana. Wagonjwa wangu wote wangeandika hivi. Sasa ulipoziona namba hizi zinapanda, ulifanya nini?"

Nilimjibu kweli.

"Nilizima redio."

Hakucheka. Aliuliza kama alikuwa anameza dawa. Nikaapa. Nikasema nimehesabu mwenyewe, kila siku kimoja.

Machi 18, Jumatano
Kafui amekuja kutoka Accra. Ananisaidia kumgeuza mama yake.

Leo Mama Kafui ametamka maneno yanayoeleweka. Nilikuwa nampa uji. Alinishika kwa mkono mzima, akavuta shati langu mpaka sikio langu likafika mdomoni mwake.

"Kesho Alhamisi," alisema.

"Ndiyo."

"Kopo la Senanu. Usi-usiache. Dawa zake."

"Dawa gani?"

"Zangu. Kadi yake ya bima imekufa, kliniki hawampi. Namgawia. Mwanzo siku yangu, siku yake. Uliposema zimemsaidia, nikampa zote." Akapumzika kwanza. "Mimi kichwa hakiumi sana. Yeye ndiye mdogo."

Kafui alikuwa ameshika bakuli. Aliniangalia, akaelewa, akatoka nje na bakuli.

Nilipanda gari la kurudi kijijini bila kuaga. Nilifungua stoo. Makopo tisa nyuma ya ramani. Niliyamwaga moja moja juu ya dawati, nikapekua unga kwa vidole. Vidonge vilikuwa vimefungwa kwenye vipande vya nailoni vyenye fundo dogo, fundo lake, analofungia chumvi ya kuonjesha wanunuzi. Kopo la kwanza vinne. La pili vitatu. Vinne. Vitatu. Vinne. Halafu saba, saba, saba, saba. Arobaini na sita.

Nilikuwa nahesabu pakiti kila siku. Hesabu ilikuwa sahihi siku zote. Nilimlinda na maneno ya watu, nikamfukuzia wageni, nikamficha asionwe na nesi ambaye angemuuliza swali moja akajua, na dawa yake nikaibeba mwenyewe kwapani kila Alhamisi nikaifungia kabatini. Nilikaa kwenye dawati la mtoto na nikalia kwa sauti, mlango wazi.

Machi 19
Hakuna kopo. Hakuuliza. Anaamini nimeshapeleka.

Machi 25
Tumerudi nyumbani. Dawa zimekuwa tatu, na Kafui anamwangalia anameza, kisha anamwambia afungue mdomo. 142 kwa 88.

Togbi Nyaku alikuja na wazee wawili. "Sasa ndiyo kabisa asiambiwe. Tutazika kimya kimya. Ataambiwa mwakani." Sista Yayra alikuwapo, amekuja kumfanyisha mazoezi ya mkono. Alisimama mbele yao wote. "Habari haikumpa huyu mama kiharusi, Togbi. Hakuna aliyempa habari yoyote." Togbi akasema wasichana wa siku hizi hawana adabu, akaondoka.

Machi 27, Ijumaa
Nimemwambia. Saa nne asubuhi, mimi, yeye, Kafui na Sista. Sikuzunguka. Nilisema, Mama Kafui, Senanu alifariki Januari tarehe nane.

Machozi yalimtoka jicho moja zaidi ya jingine.

"Siku ngapi?" aliuliza.

"Sabini na nane."

"Makopo?"

"Yako stoo ya shule. Yote."

"Ulisema kichwa hakimuumi tena."

"Nilisema."

"Ulisema analala vizuri."

"Nilisema hivyo, Mama Kafui."

Hakunitukana. Ningeshukuru angenitukana. Alimgeukia Kafui.

"Anafika saa ngapi?"

"Saa tisa, mama. Shangazi watamwosha jioni."

"Nitamwosha mimi. Alipozaliwa nilimwosha mimi." Akautazama mkono wa kulia uliolala kwenye mto, akautazama sana. "Ablavi atanishikia beseni."

Nilisema nitamsukuma kwenye kiti mpaka nyumba ya baba yake. Akamwambia Kafui, "Ita watoto wa Nyaku wanibebe." Wakambeba. Nilifuata nyuma, nikasimama nje ya ua pamoja na wanaume. Ablavi aliniambia baadaye kwamba alimwosha uso tu, kwa mkono wa kushoto, polepole, na nyuma ya masikio kama mtoto, na kwamba hakuanguka, hakuzimia, sauti tu ndiyo haikumtoka.

Machi 28, Jumamosi
Tumemzika Senanu. Mvua ndogo.

Baada ya watu kutawanyika Mama Kafui aliketi mezani. Mgongo umeegemea, nyayo sakafuni. Alingoja dakika tano bila kusema neno, jambo ambalo miezi yote hii sikufanikiwa kumfanya alifanye. Nikachukua mkanda. Akauvuta mkono wake mzima akauficha chini ya meza, mpaka Kafui alipouchukua mkanda mikononi mwangu ndipo akautoa.

"136 kwa 82," Kafui akasoma.

Nikaandika.